Mama Amejiunga na Programu Yangu

Mheshimiwa Mshauri, nitoe kwenye shimo nililochimba mwenyewe. Nina programu ya simu hapa Chengdu ambamo wanaume wanaopenda wanaume hufahamiana, na duka la programu lilikwisha kutuondoa mara mbili kwa sababu ya picha za vifua wazi, watangazaji wakakimbia, basi nikapiga marufuku vifua, nikaamuru wanachama waweke picha za vyakula walivyopika, nikaiita Chungu Chetu, wakaguzi wakaridhika, kumbe mama yangu mzazi, asiyejua siri yangu wala kwamba programu ni yangu, akadhani ni ya mapishi akajiunga! Sasa wote wanamwita Shangazi Luo, akikaripia tofu ya mtu watu wanavunjika mbavu, watangazaji wa sufuria wamerudi kwa ajili yake, nikimfuta kampuni inakufa, nikimwacha atagundua. Juzi aliniuliza mezani, “Hivi wewe, mbona vijana wote wa humu ni wasafi, wapole, na hawana wake?” Nikapaliwa na pilipili. Mbaya zaidi, amemwandikia mwanachama mmoja, Yinan, daktari wa meno: “Mwanangu, una mikono mizuri. Njoo ule kwangu Jumapili. Ninaye kijana, ana kampuni ambayo hataki kuniambia inauza nini, na wali humuungulia.” Yinan amenitumia ujumbe huo mimi mwenye programu, akiniuliza avae nini. Nifanyeje?

Luo Kexin

Kijana Luo,

Barua yako ina upungufu wa nukta, lakini nimeielewa kuliko wewe. Kuwafunika wakaguzi macho kwa mabakuli ya supu ni ujanja wa biashara. Sikusifu wala sikulaani. Kumdharau mama yako ndiko nisikokusamehe. Mtu anayeona kwenye picha kwamba tofu imekosa chumvi, atashindwa kuona wanaume wote hao wasio na wake? Soma tena mwaliko wake. Hakumwalika msichana.

Pole, hofu yako naijua. Wazazi wengi wa rika langu wangevunja sahani. Wako amechagua daktari wa meno.

Basi, usimfute. Tafuta wapishi wengine wawili wenye ulimi mkali, maana kampuni haiegemei mdomo mmoja. Yinan avae shati jeusi. Mafuta ya pilipili hayatoki. Nawe Jumapili uwahi kabla ya mgeni, umenye vitunguu saumu pamoja na mama, umweleze yote mawili: unapenda akina nani, na programu ni ya nani. La kwanza atakwambia alilijua. La pili jiandae kukimbia, maana amekufanyia kazi muda wote huu bila mshahara.