Nafula Alitaka Kusafiri Ameketi

Jumatano, 6 Machi 1996

Nimeshona tatu kabla ya chai. Mbili za watu wazima, moja ya mtoto. Ya mtoto niliishona kwanza ili niache kuifikiria. Haikusaidia.

Fundi Barasa alileta vipimo asubuhi kama kawaida, vimeandikwa kwa penseli kwenye kipande cha plaiwudi. Yeye hutengeneza majeneza kule karibu na Jogoo Road, mimi hushona satini ya ndani hapa nyumbani Mbotela, Nairobi. Zamani nilishona mapazia na sare za shule. Mitumba ikanimaliza. Sasa nina kazi kushinda mikono, na sijawahi kuona aibu hivi kwa sababu ya kufanikiwa.

Nafula amekunywa uji nusu kikombe. Mdogo wangu. Analala nyuma ya pazia, hatua nne kutoka kwenye cherehani. Tunasema ni kifua. Kila anayelia mlangoni kwangu, yeye humsikia.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Magari ya kwenda magharibi hutoka mochari alasiri ili watu wazike Jumamosi. Ijumaa hakuna kula.

Kijana mmoja alisimama mlangoni akakataa kwenda. "Mathe, buda alikuwa mrefu. Usimfinye." Nikamwambia baba yake hatafinywa. Akanishukuru sana.

Nafula aliniita mara mbili. Nikasema ngoja. Nilipofika kitanda kilikuwa kimelowa. Nilimbadilisha. Hasira haikuwa juu yake, lakini mikono yangu haikujua hilo.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Nimeipima kwaya nzima. Macho yalifanya yenyewe: huyu futi tano na tatu, huyu tano na saba, yule wa besi anahitaji nafasi mabegani. Nikayafumba. Watu walidhani naomba.

Nafula ameomba kitu leo. Nimpeleke nyumbani Bungoma kwa mama, kwa basi, mchana, kabla hajashindwa kuketi.

"Dada, Ijumaa wanaenda waliolala. Mimi nataka kwenda nimeketi dirishani. Ninunue mahindi njiani. Nigombane na mtu juu ya kiti."

Nilicheka. Nikasema wiki ijayo. Sikuwa namdanganya.

Alhamisi, 21 Machi

Wiki ijayo imekuja na imepita. Ajali barabarani, na Barasa amekuja mara tatu kwa siku moja. Nafula hajauliza tena. Heri angeuliza.

Ameanza kunisaidia. Anaegemea mto na kukunja marinda kwa mkono, polepole, sindano mdomoni kama nilivyomfundisha akiwa msichana. Anasema akikaa bure anausikia mwili wake. Nami nikakubali, maana kazi inakwenda haraka zaidi. Niandike ukweli: nilifurahi.

Mama Zuhura wa mlango wa pili alileta maandazi akamkuta na satini mapajani. Akaniita nje. "Nekesa, huyu ni mgonjwa wako ama ni mfanyakazi wako?"

Nikamwambia aangalie mambo ya nyumba yake. Mwanamke ambaye ametufulia mashuka mwezi mzima.

Jumanne, 26 Machi

Asubuhi nilikata vitambaa vinne. Vipimo vya Barasa vilikuwa vitatu.

Nilikisoma kile kipande cha plaiwudi mara nyingi. Ni vitatu. Cha nne hakikuagizwa na mtu. Futi tano na inchi mbili, chembamba mabegani. Mikono ilikata nikiwa nawaza mambo ya makaa. Nilipojua ni urefu wa nani, nilikikunja upesi nikakitia chini kabisa ya rundo, nikaenda kumpelekea Barasa satini zilizokuwa tayari.

Niliporudi Nafula alikuwa amekitoa. Alikuwa ameshatia marinda upande mmoja. Hajawahi kukunja vizuri namna ile. Kila kitambaa chetu huwa na karatasi yenye jina la marehemu, imebanwa kwa pini. Hicho hakikuwa nayo, na alijua kwa nini.

Akaendelea kukunja. Nikakitoa mkononi mwake. Angenitukana ningeweza kulala.

Nimekitia kwenye jiko. Satini haiungui sawasawa, inayeyuka. Nyumba yote inanuka, na yeye amegeukia ukutani kana kwamba hanusi.

Jumatano, 27 Machi

Nimemwambia Barasa nafunga.

"Madam, wiki hii? Ijumaa ya mwisho wa mwezi? Watu wamelipwa, wote wanatoa wapendwa wao mochari."

Nikamwambia atafute fundi mwingine. Akasema kuna mama wa Umoja anayemsumbua kila siku ampe kazi, na akiingia hatoki. Nikasema sawa. Barasa si mtu mbaya. Nikashika meza ya cherehani mpaka akaenda.

Nikamwambia Nafula tunatoka kesho. Akaniuliza nani amekufa.

Alhamisi, 28 Machi

Mama Zuhura alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Hajanisamehe, lakini alimbeba.

Ndani ya basi Nafula alipata dirisha. Aliligombania kwa kisauti chake kile na bwana mmoja mwenye briefkesi, akashinda. Mahindi alinunua, akala punje chache, mengine nikala mimi. Karibu njia nzima alitaja majina ya vituo kabla hatujafika, kama mtoto anayekariri orodha. Kisha akalala, paji la uso kwenye kioo. Nikaitazama pumzi yake kwenye kile kioo. Inakuja, inatoweka. Sikuona kitu kingine mpaka Webuye.

Jumapili, 31 Machi. Bungoma

Anaketi nje juani kwa saa nzima. Mama anampa maziwa na hamuulizi maswali. Siku tatu sijashika mkasi. Nakaa tu karibu naye. Mwanzoni sikujua la kumwambia, maana miezi yote hii nilizoea kumwambia ngoja.

Yeye ndiye aliyesema nirudi Nairobi. Nina kodi ya kulipa, ana haki. Kisha akasema jingine, akikitazama kidole changu chenye sugu ya sindano.

"Siku yenyewe usinishonee. Usishike kitu. Mafundi watapatikana. Wewe uje kama watu wengine, ukae chini, ulie."

Nimeahidi. Nilisema haraka, ili aache kuongea habari hizo.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama wa Umoja ameingia kweli. Barasa hunigawia kidogo, na nashona mpaka Alhamisi tu. Ijumaa sifungui mlango. Watu hugonga. Wengine hulia hapo nje, nami nimekaa ndani na chai inapoa. Nilidhani nitapumzika. Napima ukuta kwa macho.

Kitanda cha nyuma ya pazia nimekitandika. Leo, cherehani ikikimbia, nilisema "ngoja kidogo" kwa sauti. Nikamaliza mshono kabla ya kukumbuka kwamba hakuna aliyeniita.

Jumanne, 14 Mei

Mama amepiga simu kwa duka la pembeni. Nafula ameondoka alfajiri. Aliomba maji, yakaletwa, akawa ameshalala.

Barasa alisikia, akaja saa hiyo hiyo na jora zima la satini, ile nzito ambayo huuzia wakubwa wa Buruburu. Zawadi. "Nenda nayo, mshonee mwenyewe. Nani atamshonea kama wewe?" Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuweza kumweleza niliyomwahidi Nafula.

Nimeiweka mezani. Nimekaa mbele yake mchana kutwa. Nikishona sitahisi kitu, hilo nalijua. Ningekuwa na kazi mpaka Jumamosi, na Jumamosi yenyewe ningekuwa fundi. Ninaogopa kwenda huko bila kazi.

Nimeipeleka kwa Mama Zuhura aniwekee. Akaanza kunipangia nguo za safari.

Jumamosi, 18 Mei. Bungoma

Tumezika leo.

Sanduku lilitoka sokoni hapa, na fundi wa huko alishona satini ya ndani. Vibaya. Upande wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Uzi mmoja ulikuwa unaning'inia karibu na shavu lake, urefu wa kidole. Niliuona asubuhi walipofungua. Kila mtu alipopita kumuaga, niliuona tena.

Nilikaa kwenye mkeka na akina mama. Mkono wangu wa kulia ulinyanyuka mara moja, ukiufuata uzi. Mama akaushika, akidhani nataka kumwegemea, akauweka mapajani kwake. Ukabaki hapo.

Wakafunga kifuniko uzi ukiwa palepale. Nikalia na wengine mpaka mvua ikatuingiza ndani.