Niandikie Jina la Mama wa Nyumba Hiyo

Ghubra, Maskati
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Taghreed,

Assalaam alaykum warahmatullah. U hali gani mama? Kifua kimepona? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu sikukipenda kabisa. Sisi huku hatujambo, magoti yangu ndo hayo hayo, na joto limeanza kupungua, laasiri tunaweza kukaa uani.

Nnakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nalia, nawe ukinisikia unasema, "Basi mama, siendi." Sitaki uache jambo lako kwa machozi yangu. Muatasim, kijana wa mtaani kwetu, anasafiri Jumanne kuja huko kwenu Oslo, atakuletea barua hii pamoja na furushi la halwa na vitu vyengine.

Umeniomba radhi yangu ukakae majira ya baridi yote kwa hao Wasami, wenyeji wa kaskazini ya Norwe, nyumbani kwa mamake mwenzako wa chuoni, ujifunze lugha yao. Nikakwambia ntakujibu, na mpaka leo sijajibu. Sasa nikwambie kilichonizuia.

Ulipokuja Idi uliacha zile riwaya zako za zamani za Norwe, zilizofasiriwa kwa Kiarabu. Nilikuwa nnapangusa vumbi chumbani kwako, nikaona umezipiga mistari ya penseli. Mie nnavyojua, penseli hutiwa penye jambo la kushikwa, kama tulivyokuwa tukitia kwenye vitabu vyetu vya dua. Nikamwita Noof wa mamako mdogo, maana Kiarabu cha riwaya kinanishinda, nikamwambia nisomee palipo na mstari tu.

Ya Rabbi! Kila penye mstari pana Msami, na kila Msami ni balaa. Huyu anatokea msituni ghafla, kainamisha kichwa, anachekacheka, hujui anataka nini. Yule bibi kizee anatia watu maneno mpaka nyumba inavunjika. Mwengine mchawi, upepo anaufunga na kuufungua. Na lile jina wanaloitwa humo, Noof kasema ni la kuwatukania, silitii kwenye barua yangu. Nikasema, mtoto kayapiga mistari mwenyewe haya, anayajua, na bado anataka kwenda kulala kwao! Nilikaa na picha yako nikaisomea Yasin, chakula hakipiti.

Tena hiyo baridi. Kakako Mahfoudh nilimuomba aniingize kwenye ghala lao la vyakula vya barafu, huko Rusayl kazini kwake, nijue unakwenda kukaa wapi. Nilitoka meno yanagongana. Ati ananambia, "Usijali mama, huko kwao kuna baridi zaidi ya hii, lakini wana makoti ya maana." Ndo maneno ya kumtuliza mtu hayo?

Siku ya pili nikamwambia Noof, hebu nisomee pasipo na mstari, pengine yupo Msami mwema. Kafunua, kafunua, akasema, "Mama mkubwa, kwengine hawamo." Nikamuuliza, huyo wa msituni jina lake nani? "Hakutajwa." Kwake kukoje? "Hakuingia mtu." Hana mke, hana watoto? Noof akacheka, "Mama mkubwa, unataka kumposea?"

Mie sikucheka. Nilimkumbuka Ummu Asaad, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Nilipoolewa nikaletwa nyumba hii, nikimpelekea vitumbua huvipokea kwa mikono miwili na kunishukuru, halafu huvimwaga kwa mbuzi. Nilimuona kwa macho yangu. Alikuwa kaambiwa sisi tuliotoka Zanzibar ni wachawi, chakula chetu kikishuka tumboni umekwisha. Na aliyemwambia hakupata kukaa kwetu hata mara moja. Miaka ikenda hivo. Mpaka alipofariki mamake babako, hukumdiriki wewe, Ummu Asaad ikambidi aje azza, kutupa pole ya msiba, kama majirani wote, na anayekuja azza hawezi kukataa kahawa ya wafiwa. Alikishika kikombe, akapiga bismillahi mara tatu. Akanywa. Akatazama huku na huku, akamuona Mahfoudh anamvuta mwenziwe nywele, akasema, "Kumbe na nyie mna watoto wakorofi kama wangu!" Na ulipozaliwa wewe, aliyekuogesha ni yeye.

Ndo nikaifahamu penseli yako. Hukuyapiga mstari kwa kuyaamini. Umeyapiga mstari uwajue walioandika wakiwatazama wenzao kutoka nje, na kahawa yao hawajainywa. Ungenambia mapema nisingekonda.

Lakini sikufichi, khofu bado nnayo. Mtu anaweza asiwe mchawi akawa na roho mbaya, na mwema naye akawa na mbwa mkali. Na nasikia huko majira ya baridi jua halichomozi, sasa utasali vipi kwa wakati? Muulize imamu wa huko kabla hujatoka. Nyama uliza kachinja nani, uliza kwa adabu, na kama siyo ya halali sema unapenda samaki. Kila Ijumaa nipigie, hata kama huna la kusema, nikusikie unavyovuta pumzi.

Nenda, mwanangu. Radhi yangu unayo, nimekuridhia kwa ulimi na kwa moyo. Ukifika ingia mpaka ndani, usikae mlangoni, na kikombe cha mwanzo watakachokupa kinywe chote, usifanye ya Ummu Asaad na vitumbua vyangu. Ndani ya furushi kuna kahawa, iliki na vikombe vyetu vidogo. Wapikie nao wanywe. Wakisitasita usiudhike, nani ajuaye wao wameambiwa nini juu yetu.

Wanakusalimia Mahfoudh, mamako mdogo Sayyida na Noof wake, na Ummu Asaad, anayekuombea dua hapa ubavuni pangu na kuzimaliza tende zangu. Nilitaka kumsalimia na mama wa nyumba unayokwenda. Kalamu ikanisimama, maana hata mie jina lake sikukuuliza. Nimemwachia nafasi hapa. Muulize mwenyewe, ulitie kwa mkono wako, kisha umsomee:

Na salamu nyingi kwa ........................, kutoka kwa mama mwenziwe wa Maskati.

Mungu akukinge na baridi ya huko, akurejeshe kwangu mzima.

Mamako akupendaye, roho juu mpaka utakapopiga simu,
Nasriya