Bei ya Gitaa, Si Bei ya Mkono

Jumatatu, 3 Juni
Nimeshona kola kumi na mbili za sare za shule leo. Zimebaki nane. Mgongo unauma. Ya jana bado hayajanitoka.

Niyaandike, labda yatatoka. Jana baada ya misa Mwalimu Kasiano, anayeongoza kwaya yetu, alimkabidhi Festo gitaa la parokia. Mbele ya watu wote. Gitaa hilo nimelipiga miaka tisa. Mwaka juzi mashine ya kukoboa mpunga kule Kibaoni ilinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na cha pete. Nilidhani wananisubiri nipone. Kumbe walikuwa wanasubiri nizoee. Nikaomba nijaribiwe. Nikaeleza kwamba nimegeuza mikono, sasa mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi. Akasema, "Dada Yusta, wewe imba tu. Gitaa linataka vidole." Wengine wakacheka, kile kicheko cha adabu.

Sitaimba tu. Nanunua langu.

Jumanne, 4 Juni
Mwaka mzima nimefanya mazoezi kwenye kipande cha ubao. Nilikichorea nyuzi sita kwa kalamu ya wino. Hakijatoa sauti hata siku moja. Ila mkono wa kulia sasa unajua njia.

Nina laki moja na thelathini, mbali na nauli. Nimeishonea mwenyewe. Mama anataka ninunue mbuzi wawili. "Mbuzi anazaa, mwana wanje. Gitaa linazaa nini?" Akiniita mwana wanje, mwanangu kwa Kirundi, ujue ameshaamua. Nina hasira na mbuzi ambao hata sijawanunua.

Jumatano, 5 Juni
Nimeenda lile duka la spika na redio karibu na soko. Magitaa makavu matatu, yasiyo ya umeme, yananing'inia ukutani, mekundu, yanang'aa kama pipi. Laki moja na nusu, akashuka mpaka laki na thelathini. Muuzaji kaniuliza kama namnunulia mtoto. Nikasema langu. Akautazama mkono wangu, kisha akaanza kuongea polepole, kana kwamba nimekatwa masikio.

Nikalikagua kama ninavyokagua kitambaa. Nyuzi ziko juu mno, kidole changu kidogo cha kulia kinapita chini yake. Kuzibonyeza hizo ni kujichana. Ncha za vile vyuma vya shingoni zinakwaruza kiganja. Mbao ni zile za tabaka tabaka, zimepigwa rangi nzito. Nikagonga kifuani pa gitaa, likajibu kama katoni. Akasema wateja wanapenda rangi hiyo. Nikamwambia mimi silinunui kulitazama.

Nimetoka mikono mitupu. Bado sijutii.

Jumapili, 9 Juni
Festo kakosea mara nne. Sikufurahi. Uongo, nilifurahi.

Mwalimu Kasiano kasikia natafuta gitaa. Kanisimamisha mlangoni pa kanisa. Ananionea huruma, anasema. Nitapoteza pesa, halafu nitachekwa. Nikamwambia kuchekwa nimeshachekwa Jumapili iliyopita na leo nimeamka mzima.

Jumanne, 11 Juni
Gitaa la pili. La mwalimu wa sekondari, kijana, kahamishiwa mkoa mwingine na hataki kubeba mzigo. Elfu tisini. Lina sauti tamu, nusura nilie. Nikashika pesa mfukoni.

Kisha nikafanya ninachokifanya kila mara. Nikaliinua mpaka usawa wa jicho, nikatazama shingo kwa urefu, kama fundi anavyotazama ubao kabla ya kuununua. Imepinda. Kule mwisho wa nyuzi, kile kipande kinachozishikilia kimeanza kubanduka, karatasi inaingia chini yake. Nikabonyeza katikati kabisa ya uzi, pale sauti inapotakiwa kuwa ileile, ila ya juu. Haikuwa ileile. Gitaa la namna hii hata ulikaze asubuhi na jioni, litakuongopea tu.

Kijana akakasirika. "Dada, kwa bei hii unataka nini?"
"Nataka gitaa."

Nimerudi kwa miguu kutoka kwake, Makanyagio. Nilichukia kila mtu niliyempita.

Alhamisi, 13 Juni
Sijalala vizuri. Labda wana haki. Labda mtu mwenye pesa kidogo na vidole vinane anunue kilichopo, ashukuru.

Hapana.

Mchana mteja mmoja kaleta kitenge cha kushonwa. Kwao ni Karema. Anasema kuna mjane wa katekista kule, mumewe alikuwa akizipigia gitaa kwaya za vigango, yale makanisa madogo ya vijijini. Gitaa bado lipo ukutani. Keshokutwa nakwenda. Safari hii Mama hakutaja mbuzi.

Jumapili, 16 Juni
Nimerudi mchana huu. Nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nataka kuandika lote.

Mjane anaitwa Mama Anastazia. Nilimkuta jana anaanika dagaa, akanawa mikono kwanza ndipo akanisalimu. Gitaa lilikuwa ndani, limefunikwa khanga. La zamani, la kahawia, halina mapambo. Nyuzi zimeota kutu. Ubavuni lina ufa wa kiganja kizima, mumewe aliuziba kwa gundi. Moyo ukanywea.

Nikatazama shingo. Imenyooka kama rula. Nikagonga kifua, kikajibu kwa kina, na sauti ikakaa kidogo kabla ya kwenda. Nyuzi ziko karibu na shingo, hazihitaji nguvu. Nikapitisha kiganja kwenye vyuma, laini, vimelainishwa na mkono wa mtu. Nikaupapasa ufa kwa nje, na kwa ndani kadiri vidole vilivyofika. Umeshika. Hautembei.

Nikaligeuza, nikapiga kwa mkono wa kushoto. Nyuzi zimekaa kinyume, kwa hiyo nilipiga vipande vya wimbo tu. Mama Anastazia akauliza kwa nini nimelishika kichwa chini miguu juu. Nikamwonesha mkono.

Alikuwa ameniambia laki moja na nusu. Akautazama mkono. Kisha akasema, "Basi mwanangu, lete sabini. Pole sana."

Sabini! Ningelichukua, ningeondoka na akiba mfukoni. Mtu yeyote mwenye akili angelichukua. Nikasikia uso umewaka. Nikauficha mkono nyuma kama mtoto.

"Mama, sitaki bei ya mkono. Nipe bei ya gitaa."

Akanitazama kana kwamba mimi ni mwendawazimu. Halafu akavuta kigoda, akakaa. "Haya. Laki na nusu."

Tukaanza. Nikamwonesha ufa. Akasema una miaka kumi na haujaongezeka. Nikakubali, ni kweli. Nikamwonesha msumari mmoja wa kukazia nyuzi, unateleza, lazima ubadilishwe. Akashuka. Nikamwonesha kutu, nyuzi zote sita ni za kutupa. Akashuka tena. Akanionesha mbao za kifuani, akasema dukani sitazipata. Tukaishia laki na kumi. Akacheka, mara ya kwanza. Akasema marehemu alikuwa mbishi kunizidi.

Nililala kwake. Dagaa na ugali. Asubuhi tukafunga gitaa kwa khanga yake, nimwachie nyingine siku nikipita. Kwenye basi nililipakata njia nzima. Kondakta alitaka liende chini na magunia. Nikamwambia tutakwenda chini wote wawili.

Mama kauliza bei. Nikamweleza yote, na ile sabini pia. Akasema nimerogwa. Labda. Ila gitaa hili hakuna aliyenipa.

Jumatano, 19 Juni
Nyuzi mpya, na msumari wa kukazia. Pesa imekwisha, imebaki ya chumvi.

Kuna kijiti kule juu ya shingo chenye mikato sita, kila uzi unakaa kwenye mkato wake. Mimi napiga kinyume, kwa hiyo uzi mnene unaangukia kwenye mkato mwembamba. Niliomba mfupa wa ng'ombe buchani, nikauchemsha, nikampelekea fundi seremala jirani. Kanikatia vijiti vitatu, mimi nikachonga mikato kwa tupa ndogo. Nimeharibu viwili. Cha tatu kimekaa.

Nikakaza nyuzi. Nikapiga wimbo mzima. Nimekosea sehemu mbili. Mwaka mzima wa ubao bubu, halafu sauti. Nikafunga mlango nikalia.

Jumapili, 30 Juni
Nimekwenda nalo kanisani. Kwaya imekusanyika ukumbini baada ya misa. Mwalimu Kasiano kasema halimo kwenye ratiba. Nikasema sikuja kwa ratiba. Nikakaa kwenye benchi, nikapiga ule wimbo wa shukrani ambao Festo huwa anaukosea. Sikukosea. Waimbaji wa sauti ya pili wakaanza kuimba wenyewe, hakuna aliyewaruhusu.

Festo alikuja karibu kutazama mkono wa kulia unavyobonyeza. Akauliza kama nitamfundisha pale katikati ya wimbo. Sina ugomvi na Festo. Nilimfundisha palepale.

Mwalimu Kasiano akasubiri mpaka mwisho. Akasema sawa, njoo mazoezi ya Alhamisi, utakaa nyuma ya Festo, ukimsaidia. Watu waliona ni ushindi, wakapiga makofi. Nilitamani kusema ndiyo. Miaka tisa si kidogo.

Nikasema asante, hapana. Nyuma sikai.

Jumapili, 7 Julai
Leo nimelipeleka gitaa kigango cha Katumba, kule kwa ndugu za mama. Waimbaji kumi na wanne na ngoma mbili. Hawajawahi kuwa na gitaa. Hawakuniuliza kuhusu vidole, waliniuliza kama nimekula.

Walinianzishia wimbo wa Kirundi ambao siujui. Nikawatafuta kwa nyuzi, nikawapata kwenye ubeti wa pili. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akageuka, akasema niko juu sana, koo lake halifiki.

Nikashusha. Tukaanza upya.