Breki Laini za Chevelle

Delbert,

Nimekwenda kwa binti yetu Corinne. Nyama ya kuoka imo kwenye friji. Ipashe moto, usiile baridi kama kawaida yako. Mbwa hajala.

Funguo za Chevelle, hilo gari lako la zamani, usizitafute, ninazo mimi.

Miaka yote umewacheka wanaobadilisha breki za magari ya zamani. "Breki za kiwandani zinamtosha mwanamume mwenye mguu!" Leo ghafla unataka breki za diski magurudumu yote manne, na busta juu ya kuusaidia mguu, ili pedali iwe laini. Nikadhani unataka kuliuza gari kwa siri.

Asubuhi nilikuwa dirishani ulipoingia garini kujaribu pedali. Uliunyanyua mguu wa kulia kwa mikono miwili, kisha ukaangaza huku na huku kama kuna aliyekuona. Nilipokuuliza ukasema, "Ni goti tu, mpenzi." Goti gani hilo, Delbert, linalokufanya uburute mguu mpaka ncha ya kiatu kimoja ikwanguke?

~~Usipokwenda kwa daktari, naliuza mwenyewe.~~

Siliuzi. Funga diski zako zote nne, tena vizuri. Ukimaliza, safari ya kwanza ni kwa daktari, na atakayeendesha na kukanyaga hizo breki ni mimi.

Mkeo