Picha Kumi na Saba za Eda

Jumatatu, 8 Januari

Sala, uradi, chai, dirisha. Picha ya tatu nimeipiga saa mbili na nusu, jua lilipochungulia. Mti ule wa nyuma ya gereji, umande umegandia matawini. Jina lake silijui. Hauna hata jani moja na wala hauoni haya.

Kamera ni ya Seif, mume wangu. Alipofariki, namba juu yake ilikuwa kumi na tisa. Filamu ni ya picha thelathini na sita. Zikabaki kumi na saba, sasa kumi na nne. Sikuwa na nia ya kupiga. Nilikuwa naipangusa vumbi, nikaweka jicho pale anapoweka yeye, nikauona mti. Siku ile nilikula sahani nikaimaliza.

Eda imepita nusu. Sitoki, sijipambi, sijitii manukato. Kioo cha chumbani nimekigeuzia ukutani kama walivyofanya mama zetu. Dirisha hakuna aliyelikataza.

Alhamisi, 11 Januari

Sikupiga. Nazibana zilizobaki. Nimechora kwa penseli nyuma ya bahasha. Nyumbani Unguja nilikuwa nikiwapaka maharusi hina, na matawi yale ni hina tupu: shina kwenye kifundo, vitawi vinapanda vidoleni. Mkono haukusahau. Saa mbili zimepita sikulia.

Nimeona aibu kidogo. Kisha nimechukua bahasha nyingine.

Jumapili, 14 Januari

Wifi Asha kaja kutoka Edgware Road, na haluwa na maneno. Seif ni kaka yake, tumbo moja. Ameiona kamera mezani.

"Wifi, mtu yumo edani anachezea kamera? Kamera na kioo si kitu kimoja?"

"Kwenye kioo najiona mie. Humu sijioni."

Akaguna. Akanywa chai yake yote bila kunitazama. Alipokuwa anavaa koti, akauliza kwa sauti ya chini kama Seif yumo mle ndani.

Sijui. Hilo ndilo linalonila. Hatuna picha ya Seif. Baada ya Mapinduzi mama mkwe alizitia zote kwenye seredani ya makaa, moja moja, kwa hofu ya watakaokuja kupekua. Harusi yetu ilikwenda na moshi. Tulipofika London Seif akanunua kamera, akapiga kila kitu: madaraja, njiwa, Rukia na mkoba wa shule. Yeye mwenyewe hakutaka kupigwa. Nikimwambia lete nikupige, anacheka: "Mpiga picha haonekani." Ipo ile ya pasipoti. Kakunja uso kama anahojiwa. Yule si yeye.

Zile kumi na tisa alizipiga miezi yake ya mwisho, akiumwa, hapa hapa ndani. Hakuniambia za nini. Labda mara moja aliigeuza kamera. Moja tu inanitosha.

Jumatano, 24 Januari

Theluji. Gereji zote zimepotea. Mbweha kapita chini ya mti, kanyanyua mguu mmoja, kautikisa, kanyanyua wa pili, kautikisa. Kama bibi mwenye viatu vipya kwenye matope. Nimecheka kwa sauti. Picha mbili kwa mkupuo, ubahili wote nimeusahau.

Kisha nimekaa chini nikalia. Sikujua bado nina kicheko. Nimejiona msaliti.

Ijumaa, 2 Februari

Baridi kali. Kidege cha kifua chekundu kimekuja kwenye kizingiti cha dirisha siku ya nne mfululizo. Nakiwekea mkate. Nimekipiga mara moja, nimekichora mara sita. Ukuta wa jikoni umejaa bahasha.

Rukia anataka filamu iishe aipeleke ikasafishwe. Binti yangu ana miaka kumi na tisa, anauza viatu hapa Stratford. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. "Just finish it, Mama, I'll take it in." Nikamwambia haraka ya nini. Akasema na yeye anataka kumwona baba yake. Hilo kalisema kwa Kiswahili.

Ukweli naogopa. Filamu ikikaa ndani, Seif huenda yumo. Ikisafishwa, nitajua.

Jumatatu, 12 Februari

Namba thelathini na nne. Ncha za matawi zimevimba, vidonge vidogo vyeusi. Jana havikuwepo, au sikuvitazama. Zamani baridi ya nchi hii nilikuwa naivumilia tu, nafumba macho nangoja iishe. Seif akiniita dirishani, njoo uone, namwambia nina chungu jikoni. Miaka kumi na tatu nina chungu jikoni.

Alhamisi, 15 Februari

Nimeharibu.

Picha ya mwisho niliipiga saa nne asubuhi. Mkono wa kusogezea filamu ukagoma. Basi imeisha, nikasema, niitoe, Rukia akija aikute tayari. Seif akifika hapo alikuwa akijifunika kikoi kichwani yeye na kamera yake, anazungushazungusha humo humo. Mimi namcheka, namwita mganga. Nikidhani ni vituko vyake. Nikaenda dirishani penye mwanga mzuri, nikafungua mgongo wa kamera.

Nilitegemea kuona picha. Nikaona utepe unang'aa tu. Nikafunga.

Rukia karudi saa kumi na mbili, nikamsimulia. Akapiga ukelele. Mwanga unaziunguza, alisema. Kumbe kikoi kilikuwa na maana. Yeye aliwahi kumuuliza baba yake. Mimi sikuuliza.

Mama mkwe alizichoma kwa moto, mimi kwa jua.

Jumamosi, 17 Februari

Sijachora. Kidege kimekuja, sikukipa kitu.

Rukia kachukua kikoi cha baba yake, kajifunika, kaizungusha filamu hadi ikarudi yote kwenye kikopo chake. Kisha kaipeleka duka la dawa wanakosafisha picha. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatano, 21 Februari

Nimempigia simu Wifi Asha nikamwambia mwenyewe. Akasema, "Yaliyopita si ndwele," na simu ikakatika. Sijui kaikata yeye.

Jumamosi, 24 Februari

Zimerudi.

Zangu zimeliwa na mwanga. Katika kumi na saba zimepona nne, nazo zimefifia. Mbweha hayumo. Mtu wa dukani kamweleza Rukia: filamu imejiviringa, zilizo juu zimeungua, za ndani zimesitiriwa na wenzao. Zangu zilikuwa juu. Za Seif ndani. Zote kumi na tisa zimetoka.

Ni mimi.

Mimi nimeinamia unga. Mimi nimesinzia kitini, mdomo wazi. Mimi nimempa kisogo, chungu jikoni. Mimi namkemea, kidole juu. Nyingine nimecheka, na sikumbuki nilicheka nini. Seif hayumo hata moja.

Nilikasirika. Nimesema kwa sauti, Seif, hata moja? Mwezi wa nne huu sijauona uso wangu, na sasa wameniletea nyuso kumi na tisa.

Jioni Wifi Asha kaja, koti lina mvua. Kazitazama zote, polepole, moja moja. Akaishika ile ya unga.

"Hapa alisimama wapi?"

Nikamwonyesha. Mlangoni, kaegemea, kwa sababu miguu ilikwisha nguvu. Na hii? Kwenye kochi. Na hii? Kitandani, kalala, mlango wazi. Kila picha nilijua. Kumi na tisa zote nilijua.

Wifi kaenda mlangoni, kaegemea pale pale. Kasimama akinitazama mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 2 Machi

Nimetoka eda. Wifi kanifukizia udi, kanivisha gauni la kijani. Kioo nimekigeuza. Nimezeeka kidogo. Nywele za mbele nyeupe. Si mbaya.

Jumapili, 4 Machi

Tumeshuka mimi na Rukia hadi nyuma ya gereji. Mti ni mkubwa kuliko nilivyouona kutoka juu. Gome lake la baridi, lina mabaka. Vile vidonge vimepasuka, ndani kijani.

Rukia katia filamu mpya. Nikamwambia anipige, hapa, mkono juu ya shina. Kisha nikaichukua kamera, nikampiga yeye. Alitaka kuficha uso. Nikamkataza.