Trent Alivyotangaza Diski Imekufa

Shoga uko? Yule Trent, fundi wa kompyuta wa Daktari Haugen, leo kajiaibisha mbele ya kliniki nzima 😤

Mbwa yuko mezani anasubiri upasuaji. Daktari anataka faili ya huyo mbwa, maana mwaka jana kuna dawa ya usingizi nusura imuue. Verna wa mapokezi anawasha kompyuta: skrini nyeusi, imeandika haijaona mfumo endeshi.

Trent hata hakuinama kuangalia. "Diski imekufa. Nafuta kila kitu, naanza upya."

KILA KITU! Faili za wanyama za miaka tisa!

Verna akamwambia, "Ngoja kwanza. Mashine ikiwashwa, ile programu ya kwenye bodi ndiyo inaamka na kutafuta mfumo ulipo. Labda inatafuta pasipo penyewe."

Unajua alimjibu nini? "Bibi, wewe pokea simu." Bibi! Verna ana miaka arobaini na minne!

Verna akapiga magoti chini ya meza, akachomoa flashi kwa nyuma. Mashine ilikuwa inaanza kukagua hiyo, haikuti mfumo wowote, inakwama hapo hapo. Akawasha tena. Faili zote hizo hapo!

Daktari akauliza, "Flashi ya nani?"

Trent akanyoosha mkono. YA KWAKE! Aliichomeka jana akaisahau!

Eti, "Nilikuwa naelekea hapo hapo." Bure kabisa.

Mbwa kapewa dawa nyingine, kaamka salama. Daktari kamwambia Trent amkabidhi Verna ufunguo wa ofisi yake ya kompyuta. Verna kaupokea bila hata kumtazama.