Mjukuu Mwenye Jina la Babu

Mhunze, Kishapu

Mama, shikamoo. Vumbi limenijaa hadi kwenye kope, ila sijambo.

Daktari ninayemsaidia anapima damu za watu wa koo zenye historia ya saratani, aone kama watu hurithi kinga ya mwili inayouzuia ugonjwa au inayoukaribisha. Leo mzee mmoja alipoiona sindano alimsukuma mbele mjukuu wake mwenye masharubu. "Huyu ana jina langu. Mkimpima yeye, mmenipima mimi."

Nilicheka hadi nikamwaga spiriti. Kisha nikakumbuka jina langu ni la Bibi, aliyefariki kwa saratani ya titi. Nikakunja mkono wa gauni, nami nikatolewa damu.

Nakuombea afya, Mama. Lakini shangazi Mwajuma, asiyeugua hata mafua, jina lake hukuliona uliponichagulia langu?

Mwanao, Kalunde